Sentensi ya Hasira Katika Hati ya Madai

Mimi ni mfanyabiashara wa mawese. Nimekuwa nikiyanunua kwa wakamuaji wa Simbo na Ilagala na kuyasafirisha kwa treni tangu nikiwa na umri wa miaka 26, na kwa muda huo wote nimeandika madeni ya watu katika madaftari makubwa ya jalada gumu ambayo mpaka leo yamepangwa kabatini nyumbani kwangu Mwanga, Kigoma. Nayaeleza haya mapema ili msomaji asidhani kwamba nilipoteza shilingi milioni 12 na laki 8 kwa sababu ya kutotunza kumbukumbu. Kumbukumbu nilikuwa nazo. Kilichonikosesha fedha hizo ni siku tatu za mwezi Agosti 2018, pamoja na sentensi moja niliyoitamka kwa hasira, ikaandikwa kwa Kiingereza, nami nikaitilia saini.

Mnunuzi wangu alikuwa na duka la jumla Tabora mjini. Tulifahamiana kupitia marehemu mume wangu, akaniita dada nami nikamwita kaka, na kwa miaka minne ya mwanzo alilipa taslimu bila kusumbua. Mwaka 2012 akaanza kuomba mali kauli. Nilikubali, lakini kwa kuwa kiasi kilikuwa kikubwa tuliandikiana mkataba wa karatasi moja, kwamba kila shehena italipwa ndani ya siku 90 tangu ikabidhiwe stesheni ya Kigoma, na kwamba madumu matupu yatarudishwa ndani ya muda huohuo, la sivyo kila dumu litalipiwa shilingi 3,000. Tarehe 12 Mei 2012 nilimkabidhi madumu 400 yenye thamani ya shilingi 12,800,000. Tarehe 3 Novemba mwaka huohuo nikamkabidhi mengine 450 kwa shilingi 15,300,000, na tarehe 20 Aprili 2013 nikampa 380 kwa shilingi 13,300,000. Mtu ataniuliza kwa nini nilitoa shehena ya pili na ya tatu wakati ya kwanza haijalipwa. Aliyewahi kuuza mali kauli hataniuliza, kwa sababu anajua kwamba mara nyingi mzigo wa pili hutolewa kwa matumaini kwamba ndio utakaoukomboa ule wa kwanza.

Miaka iliyofuata ilikuwa ya kupanda treni. Nililala nyumba za wageni za Tabora mara nyingi kuliko nilivyolala kwa ndugu zangu wa Kasulu, na kila mara nilirudi na ahadi: mavuno ya tumbaku yakilipwa, nitalipwa, mkopo wa benki ukitoka, nitalipwa. Mwaka 2015 nilimwandikia barua ya madai kwa mkono wangu, na mwaka 2017 wakili mmoja wa hapa mjini akamwandikia nyingine yenye muhuri. Mimi niliamini kwamba kila barua inalifufua deni, kama mtu anayechochea kuni jikoni ili moto usizimike. Hakuna aliyenifundisha hivyo, lakini karibu kila mfanyabiashara ninayemfahamu anaamini hivyo, na wote tumekosea. Sheria imeweka muda wa mwisho wa kufungua shauri, na barua ya mdai haizuii muda huo kwenda. Mazungumzo nayo hayazuii, hata yakiwa ya nia njema kiasi gani, na Mahakama ya Rufani imekwisha kulisema hilo waziwazi. Kinachoweza kuuanzisha muda upya ni kitendo cha mdaiwa mwenyewe, nacho ni ama kulikiri deni kwa maandishi yenye saini yake, ama kulipa sehemu yake.

Sheria inayohusika ni Sheria ya Ukomo, Sura ya 89, ambayo ilitungwa mwaka 1971. Kwa madai yanayotokana na mkataba inatoa miaka 6, kwa madai ya madhara miaka 3, na kwa kurejesha ardhi miaka 12. Miaka hiyo huanza kuhesabiwa siku haki ya kudai inapozaliwa, ambayo kwangu haikuwa siku nilipokabidhi mzigo, wala siku nilipochoka kusubiri, bali siku ile ahadi ya siku 90 ilipovunjwa. Kifungu cha 3 ndicho kikali kuliko vyote, kwa kuwa kinaitaka mahakama ifute shauri lililofunguliwa nje ya muda hata kama mdaiwa mwenyewe hakulalamikia ucheleweshaji. Nilipokisikia mara ya kwanza nilikiona cha kikatili. Baadaye wakili wangu, kijana mpole aliyeniita mama, alinieleza kwamba bila kifungu hicho mtu angeweza kumshitaki mjukuu kwa deni la babu wakati stakabadhi zimekwisha kuliwa na mchwa na mashahidi wote wamezikwa. Nilimwelewa, ingawa moyo wangu haukuridhika.

Ilikuwa Septemba 2014 baba yangu alipofariki, tukaweka matanga nyumbani kwake Ujiji. Siku ya tatu yule bwana alishuka kutoka Tabora kuja kunipa pole. Alikaa mkekani na wanaume, akala chakula cha msiba, na alipotaka kuondoka akaniita pembeni penye mwembe, akanipa bahasha na kusema kwa sauti ya chini kwamba laki moja humo ni rambirambi na iliyobaki nipunguze kwenye deni letu. Ndani mlikuwa na shilingi 1,500,000. Nilikuwa nimevaa kanga ya msiba na macho yamevimba, na sikuwa mtu wa kuomba karatasi wala saini mbele ya waombolezaji. Nilimpa mdogo wangu bahasha, naye akaandika kiasi chote katika daftari la rambirambi, chini ya majina ya majirani waliotoa elfu tano na elfu kumi. Katika madaftari yangu ya biashara sikuandika kitu. Niliona haya kuliingiza jambo la matanga katika hesabu za mawese.

Kisheria, ile 1,400,000 ilikuwa na uzito kuliko barua zangu zote. Mdaiwa mwenye madeni kadhaa akilipa bila kutaja analipa lipi, wala mdai asitaje, malipo huhesabiwa kwa deni lililotangulia. Lililotangulia kwangu lilikuwa la Mei 2012. Kwa hiyo miaka 6 ya shehena ya kwanza ingeanza upya Septemba 2014 na kufika Septemba 2020. Nilikuwa na muda wa kutosha kabisa, nami sikujua.

Mwezi Julai 2018 nilikwenda kwa wakili. Siku hiyo nilikuwa nimetoka kuzungumza kwa simu na yule bwana, akanijibu maneno ambayo sitayaandika hapa, na nilipoketi ofisini nilikuwa bado natetemeka. Wakili aliniuliza swali ambalo sasa nalijua kuwa ndilo kubwa kuliko yote: je, amewahi kulipa chochote? Nikamjibu, “Hajanilipa hata senti moja.” Akaandika. Huyo kijana simlaumu sana, ingawa nadhani wakili mzoefu angenirudia mara ya pili baada ya chai, hasira ikiwa imeshuka. Aliniuliza swali sahihi, nikampa jibu la mtu aliyeudhiwa.

Wakati huo hati katika mahakama za juu ya Mahakama ya Mwanzo ziliandikwa kwa Kiingereza. Sheria ya kukifanya Kiswahili kuwa lugha ya mahakama ilikuja mwaka 2021. Hati yangu ilikuwa na kurasa tano. Mwishoni kuna sehemu ya uthibitisho ambapo mdai anatia saini kuthibitisha kwamba yaliyoandikwa ni kweli kwa kadiri anavyojua. Nilitia saini Jumatatu tarehe 6 Agosti, baada ya kusomewa kwa haraka kwamba inadai shilingi 41,400,000 pamoja na gharama. Aya iliyosema kwamba kati ya Mei 2012 na Aprili 2013 mdaiwa alichukua mawese na kwamba mpaka siku hiyo hakuwa amelipa sehemu yoyote ya bei, sikuitafakari. Ilikuwa ni sauti yangu mwenyewe, ila imevaa suti.

Kisha yakaja mambo ya Nane Nane. Jumatano tarehe 8 ilikuwa sikukuu, na Alhamisi yule bwana akanipigia simu akisema amesikia ninakwenda mahakamani, nisubiri, anakuja mwenyewe na nusu ya deni. Nikamwambia wakili asilipie hati kwanza. Tulingoja Ijumaa, tukangoja mwisho wa wiki, tukangoja Jumatatu na Jumanne, naye hakufika wala simu haikupokelewa. Ada ya mahakama ililipwa Alhamisi tarehe 16 Agosti, na siku ya kulipa ada ndiyo iliyohesabiwa kuwa siku ya kufungua shauri, hata kama hati ilikuwa imelala masijala tangu juma lililotangulia. Siku 90 za shehena ya kwanza zilikuwa zimeisha tarehe 10 Agosti 2012. Hata ungehesabu kwa huruma kiasi gani, ukairuka Jumamosi na Jumapili kwa kuwa mahakama zimefungwa na kunipa mpaka Jumatatu tarehe 13, bado nilikuwa nimechelewa siku tatu. Kama simu ile ilipigwa kwa hesabu au kwa bahati, sijui mpaka leo, ila mtu aliyeipiga alikuwa na wakili.

Majibu ya madai yalikuja yakiwa na pingamizi la awali: shauri limefunguliwa nje ya muda. Wakili wangu alipoliona alinipigia simu usiku, akaniuliza tena lile swali la Julai, safari hii polepole. Ndipo nilipomweleza habari ya mwembe na bahasha. Alinyamaza muda mrefu. Akaniambia, “Mama, hili lilipaswa kuwa kwenye hati.” Kanuni ya 6 ya Amri ya VII katika Sheria ya Mwenendo wa Mashauri ya Madai, Sura ya 33, inamtaka mdai ambaye shauri lake linaonekana kupitwa na muda aeleze ndani ya hati yenyewe sababu inayomtoa katika ukomo. Haitoshi kuwa nayo mfukoni na kuitoa siku ya ushahidi. Na hati yangu haikukaa kimya tu kuhusu malipo. Ilikuwa imekana kwamba yalikuwepo.

Pingamizi la awali, tangu lilipofafanuliwa katika shauri maarufu la Mukisa Biscuit la mwaka 1969, hupimwa kama hoja tupu ya sheria, kwa kuchukulia kwamba yote yaliyoandikwa na mdai ni kweli. Mimi nilidhani hilo linanisaidia, kwa kuwa nimeaminiwa kabla ya kusema neno. Kumbe kuaminiwa ndiko kulikonimaliza. Mahakama ikiniamini kwamba hajalipa hata senti, basi hakuna malipo ya kuuanzisha muda upya, na shehena ya kwanza imekufa.

Tukaomba ruhusa ya kurekebisha hati. Kanuni ya 17 ya Amri ya VI inairuhusu mahakama kukubali marekebisho katika hatua yoyote ya shauri, kwa masharti ya haki, ili kiini halisi cha mgogoro kiamuliwe. Nilipoisoma tafsiri yake nilifurahi, nikaona kwamba neno “yoyote” lina nafasi ya kutosha hata kwa mtu aliyekosea kama mimi. Wakili wa upande wa pili alisimama na hoja mbili. Ya kwanza ilikuwa kwamba pingamizi likishawasilishwa lazima lisikilizwe kwanza, mdai hawezi kukimbilia kurekebisha hati ili kulikwepa. Ya pili ndiyo iliyonifanya nitafute kusoma zaidi. Alisema marekebisho hukubaliwa kwa moyo mweupe pale ambapo usumbufu wa upande wa pili unaweza kufidiwa kwa gharama, lakini hayakubaliwi pale yanapomnyang’anya mdaiwa utetezi wa ukomo alioupata tayari. Aliitaja Eastern Bakery dhidi ya Castelino, iliyoamuliwa mwaka 1958 na iliyokuwa Mahakama ya Rufani ya Afrika Mashariki.

Msingi huo ni wa zamani kuliko Castelino. Mwaka 1887 huko Uingereza, Bibi Weldon alikuwa amemshitaki Neal kwa kumkashifu, kisha akataka kuongeza katika hati yake madai ya kushambuliwa na kufungiwa kinyume cha sheria, ambayo kwa wakati huo yalikuwa yamekwisha kupitwa na muda. Alikataliwa, kwa sababu marekebisho yangeyahesabu madai hayo kana kwamba yaliletwa siku shauri lilipofunguliwa, na mdaiwa angepoteza kinga ambayo sheria imekwisha kumpa. Nilimhurumia Bibi Weldon kwa namna ambayo nadhani wanasheria wengi hawamhurumii. Kwao ni jina la kukariri.

Uamuzi ulitolewa Machi 2019. Hakimu alikubaliana na upande wa pili kwamba pingamizi lisikilizwe kwanza, akalisikiliza, na akasema jambo ambalo wakili wangu alikuwa ameliomba bila matumaini makubwa. Alisema kila shehena ilikuwa na tarehe yake ya malipo, na hati za makabidhiano zilizoambatishwa zinazionyesha, hivyo hayakuwa madai ya siku moja. Shehena ya kwanza ikafutwa kwa mujibu wa kifungu cha 3. Ya pili, iliyopaswa kulipwa tarehe 1 Februari 2013, na ya tatu, tarehe 19 Julai 2013, zikabaki kwa kuwa shauri lilifunguliwa ndani ya miaka 6 ya kila moja. Kama mkataba wetu ungesema hesabu itafungwa pamoja, au kama nisingeambatisha karatasi zile zenye mihuri ya stesheni, sijui ningebaki na nini.

Baada ya hapo tuliruhusiwa kurekebisha ili kuzitenganisha shehena mbili aya kwa aya, nami nikaamriwa kulipa gharama za siku ile. Wakili akaona aongeze madai ya madumu matupu, ambayo hayakuwemo katika hati ya mwanzo, na hapa ndipo nilipoiona kanuni ya Castelino ikifanya kazi kama mizani ya duka. Madumu 450 ya shehena ya pili yalipaswa kurudishwa kufikia tarehe 1 Februari 2013, kwa hiyo kufikia Machi 2019 madai yake yalikuwa yamekwisha kufa, tukakataliwa. Madumu 380 ya shehena ya tatu yalikuwa na uhai mpaka Julai, tukakubaliwa: shilingi 1,140,000. Ni hati ileile, ombi lilelile, siku ileile, na tofauti ilikuwa ni kalenda tu.

Niliuliza kama kuna njia nyingine ya kuikomboa shehena ya kwanza. Iko moja katika Sheria ya Ukomo, ambayo inampa Waziri anayehusika na sheria uwezo wa kuongeza muda wa kufungua shauri, baada ya kushauriana na Mwanasheria Mkuu, kwa kiasi kisichozidi nusu ya muda wa awali. Lakini huo ni mlango wa kugonga kabla ya kwenda mahakamani, na hati inayofunguliwa inapaswa kuambatishwa amri yenyewe. Rufaa sikukata. Wakati ule, kabla Kigoma haijapata Mahakama Kuu yake, ningepanda treni kuipeleka Tabora, mji uleule wa mdaiwa wangu, nami nilikuwa nimekwisha kuichoka reli hiyo. Tena ningekwenda kuwaambia nini majaji? Kwamba niliyoyathibitisha kwa saini yangu hayakuwa kweli?

Ushahidi ulisikilizwa katika nusu ya pili ya mwaka huo. Nilitoa madaftari yangu, mkataba na hati za makabidhiano, na kwa shehena mbili zilizobaki hapakuwa na ubishi wa maana. Kisha yule bwana akapanda kizimbani. Alipoulizwa na wakili wake kama ana la kuongeza, alinitazama kwa mara ya kwanza tangu shauri lianze, akasema kwamba dada huyu si mkweli, kwani mwaka 2014 alimpelekea mwenyewe fedha Ujiji, milioni moja na laki nne za deni pamoja na laki moja ya rambirambi, tena msibani, na anaomba zikatwe katika hicho kinachodaiwa.

Wakili wangu aliinuka. Hakusema kwamba fedha hizo hazikutolewa. Nilikuwa nimemwomba asiseme hivyo, maana nilikwisha kutia saini uongo mmoja na sikutaka wa pili. Alisema tu kwamba majibu ya madai ya mdaiwa hayakutaja malipo yoyote, na kwamba pande zote mbili zinafungwa na hati zao. Hakimu alifungua jalada, akaisoma hati ya majibu kuanzia aya ya kwanza mpaka ya mwisho, nasi tukisubiri, akamuuliza mdaiwa ni wapi ameandika habari za Ujiji. Hakuwa ameandika popote. Angeyaandika, angekuwa amekiri malipo ambayo yangeifufua shehena ya kwanza, na nadhani wakili wake alilijua hilo tangu mwanzo.

Hukumu ilinipa shilingi 29,740,000 na gharama. Ile 1,400,000 haikukatwa kwake wala haikunisaidia mimi, na katika jalada la mahakama haikuwahi kutolewa. Ipo katika daftari la rambirambi la mdogo wangu, ukurasa wa nne, kwa kalamu ya bluu, katikati ya mwalimu wa madrasa aliyetoa elfu kumi na jirani mwenye mashine ya kusaga aliyeleta gunia la mchele.